Mdudu anayekula hasira: Tumwite kupe, pepo au kimelea?

JUZI mwanafunzi wangu mmoja wa somo la tafsiri alinijia ofisini na swali. Nilikuwa nimewapa darasa kazi ya kutafsiri mazungumzo ya filamu au kipindi chochote cha kigeni. Yeye akachagua kipindi kikongwe cha televisheni ya Marekani, "Day of the Dove", yaani Siku ya Njiwa, katika mfululizo wa Star Trek. Kiliandikwa na Jerome Bixby na kuonyeshwa mara ya kwanza Novemba 1, 1968.

"Mwalimu, hiki kidude kinachokula hasira za watu nikiiteje? Kupe, pepo ama kimelea?"

Nilitaka kumwambia, "Andika kimelea, twende mbele." Nikajizuia. Swali lake lilikuwa zito kuliko nilivyodhani.

Kwa msomaji ambaye hajakiona kipindi hicho, kisa ni hiki. Kapteni Kirk anawapakia katika chombo chake cha angani mahasimu wake wa jadi, Waklingoni, wakiongozwa na Kang. Kumbe ndani ya chombo amejipenyeza kiumbe asiye na mwili, mwanga tu unaozunguka hewani. Chakula chake ni chuki. Anawafungia mabaharia wengi upande wa chini wa chombo ili wabaki watu 38 kwa 38, pasiwe na mshindi. Anazigeuza silaha zao kuwa panga. Anayejeruhiwa anapona, ainuke apigane tena. Kiumbe huyu hana haraka ya kuua. Yeye ni mfugaji, na mifugo yake ni watu.

Tuanze na majina basi. Kupe tunamjua kutoka kwenye ngozi ya ng'ombe, ila siasa nayo ilimchukua. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, kupe Tanzania alikuwa mtu, yule mnyonyaji anayekula jasho la wenzake. Pepo naye hupanda kichwani, na akipungwa huenda zake. Kimelea ni neno la darasa la Baiolojia, lakini mzizi wake ni wa shambani: kumea, kumelea, kuota juu ya kingine. Na anayemelewa tukimwita mwenyeji, ile methali ya mgeni njoo mwenyeji apone inapinduka kabisa. Huyu mgeni akija, mwenyeji haponi, na hata akipona ni ili aliwe tena.

Hata hivyo, ugumu wa tafsiri hii hauko katika jina pekee. Uko katika sarufi yetu. Sikiliza tunavyosema: hasira zilimpanda, wivu unamla, hofu ilimwingia, huzuni imemjaa. Kiima katika sentensi hizi ni hisia. Mtu ni shamirisho tu, anapandwa, analiwa, anaingiwa. Mswahili hakuhitaji mwandishi wa Marekani amwambie kwamba kuna kitu kinachoweza kumla mtu kwa ndani. Bixby ameongeza mlaji mwingine juu ya yule wa kwanza. Hasira inamla Kirk, na mdudu anaila hasira.

Palipo na nguvu zaidi katika kipindi hiki ni pale kijana Chekov anapofoka kwamba Waklingoni walimuua kaka yake, Piotr, na lazima alipize kisasi. Mwenzake Sulu anashangaa, maana anajua Chekov hana kaka wala dada. Kiumbe amempandikizia maiti ya ndugu ambaye hakuzaliwa. Uchungu wa Chekov ni wa kweli, kisa chake ndicho cha uongo.

Hapo nilinyamaza, mbele ya mwanafunzi wangu. Nilikumbuka mwanzo wa 2008, simu zetu zilipojaa jumbe za kutisha. Ujumbe mmoja ulidai watu wa kabila la mzee jirani yangu walikuwa wameficha silaha mtaani. Sikuona silaha yoyote. Lakini nilimnyima mzee yule salamu kwa miezi mitatu, na kila siku nilijihisi mtu aliyekosewa. Siku tuliyokutana dukani aliniuliza, "Mwalimu, ulipotelea wapi?" Sikuwa na jibu. Mimi pia nilikuwa na Piotr wangu.

Ndiyo maana siridhiki na mwisho wa kipindi. Kirk na Kang wanamtambua mdudu, wanaweka panga chini, wanacheka kwa nguvu, naye kwa kukosa chakula anaondoka. Vizuri. Lakini kabla ya hapo Chekov alikuwa amemvamia Mara, mke wa Kang, na Kirk ndiye aliyemzuia. Kisa kinaisha bila Chekov kumwomba radhi mama yule. Si mdudu ndiye aliyemtuma? Hapa tunaijua hoja hiyo: si mimi, ni shetani. Na sarufi yetu inatusaidia kujificha. Anayesema "hasira zilinipanda" amejiondoa kwenye kiima, akabaki shamirisho asiye na lawama. Kicheko kinamfukuza mdudu, lakini hakimalizi kazi. Waliokosewa wanadai zaidi ya hapo.

Star Trek ina jambo jingine linalotuhusu. Jina la afisa Uhura lilitokana na neno letu uhuru. Katika "The Man Trap", kipindi cha 1966, kiumbe mwingine, huyu mla chumvi, anamnyemelea Uhura kwa sura ya mwanamume, na anamsemesha kwa Kiswahili. Hilo waandishi walilipatia. Anayetaka kukunyonya huja na lugha ya kwenu. Ndivyo "madoadoa" na "kwekwe", maneno ya kawaida kabisa, yalivyofikia kuorodheshwa na Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa mnamo 2022 miongoni mwa maneno ya chuki.

Kwa sababu hiyo nilimshauri mwanafunzi wangu aliache neno kupe. Limeshaitwa watu, na mtu akishaitwa mdudu, kumponda huonekana kama usafi. Mwite kimelea. Akauliza, "Kimelea hiki ama kimelea huyu?" Nikamwambia huyu, A-WA, kwa kuwa ana uhai na ana njaa.

Tuna methali iliyomtangulia Bixby: kikulacho ki nguoni mwako. Siku hizi tunaitaja tukimnyooshea kidole msaliti, jirani, mtu wa kando. Ila isome tena polepole. Imesema nguo yako, haikusema ya jirani. Anayemtafuta chawa huvua shati lake mwenyewe akalikagua mshono kwa mshono. Mzee wa dukani sasa ni marehemu. Mshono huo nilichelewa kuukagua.