Pai Moja, Walaji Wawili

Katika sura ya 223 ya katuni ya One Piece, iliyotoka Japani mwaka 2002, kijana mwembamba aliyevaa kofia ya majani ameketi kwenye kaunta ya baa moja ya Mock Town, mji wa maharamia. Pembeni yake kuna pande la mtu, kifua wazi, mdomo una mapengo. Wanauma pai ya cheri kwa wakati mmoja. Kijana anatangaza kwamba ni mbaya ya kufa mtu. Jirani yake, kwa sauti kubwa vilevile, anatangaza kwamba ni tamu ya kufa mtu. Wanatupiana jicho. Wananyanyua vinywaji, wanapiga funda pamoja, na hukumu zinageuka: aliyeiponda pai anakisifia kinywaji, aliyeisifia pai anakiponda. Haichukui muda wanashindana kuagiza chakula cha kubeba, mmoja pai, mwingine nyama, kila mtu akipandisha idadi ili asizidiwe hata kwa kipande kimoja.

Wengi tulicheka tukafungua ukurasa uliofuata. Kijana ni Monkey D. Luffy, mhusika mkuu. Yule mwingine hakutajwa jina pale kaunta. Baadaye ndipo ilipojulikana kuwa ni Marshall D. Teach, Blackbeard, haramia ambaye angemkamata Ace, kaka wa Luffy, na kumkabidhi kwa serikali auawe. Kuna aina ya msomaji ambaye baada ya kulijua hilo alirudi kwenye kaunta ile akaanza kuhesabu. Wote wawili wana herufi D katikati ya jina. Wote wanautaka ufalme wa maharamia. Wote wanakula kwa pupa, wanaongea kwa kelele, hawajali nani anawatazama. Kinachomfurahisha mmoja ndicho kinachomkera mwenziwe. Mchoraji alikuwa ameshatuambia, kwa mzaha wa mezani, kwamba hawa wamefanana mno na kwamba hawataiva chungu kimoja.

Ninataka kumsifu msomaji wa aina hiyo. Watu humwita mtunga nadharia, mara nyingi kwa kejeli, kama mtu aliyekosa kazi. Mimi naona ana kazi, tena kazi yenye zana na miiko yake.

Zana ya kwanza ni subira. Eiichiro Oda, mzaliwa wa Kumamoto, alianza kuchapisha One Piece katika jarida la Weekly Shonen Jump mwezi Julai 1997 akiwa na miaka 22, na hadithi hiyo imepita sura 1,100 na juzuu 100. Msomaji anayefuatilia hupewa kurasa chache, kisha anasubiri wiki. Oda akipumzika, anasubiri mbili. Aliyewahi kumtazama mama wa pwani akitengeneza mkeka ataielewa hali hii. Mama hasuki mkeka. Anasuka ukili, utepe mwembamba unaoendelea kurefuka na kujikunja mbele yake, na rangi anayoiingiza leo haionekani inakwenda wapi mpaka siku ya kushona, ukili ulale ubavuni mwa ukili. Mtunga nadharia ni mtu anayejaribu kushona wakati msukaji bado anasuka.

Zana ya pili ni kurasa za maswali na majibu ambazo Oda huziweka ndani ya juzuu tangu ile ya nne, maarufu kwa jina la SBS. Wasomaji huuliza mambo mazito na mambo ya upuuzi, naye hujibu yote kwa utani uleule. Humo ndimo wahusika wanamopata siku zao za kuzaliwa: Nami tarehe 3 Julai, Sanji tarehe 2 Machi, kwa kuwa tarakimu hizo zikisomwa kwa Kijapani zinakaribia sauti ya majina yao. Tarehe nyingi za wahusika wadogo zilipendekezwa na wasomaji wenyewe, Oda akakubali. Mtu aliyezoea kuona mwandishi akicheza na namba na majina kiasi hicho hawezi kulaumiwa akianza kuyapekua majina mengine.

Na akiyapekua, hatoki mikono mitupu. Katika historia ya kweli kulikuwa na haramia Mwingereza, Edward Teach, aliyejulikana kama Blackbeard, akauawa karibu na kisiwa cha Ocracoke, North Carolina, Novemba 1718. Oda alilichukua jina hilo akalipasua vipande viwili. “Edward” akampa Whitebeard, mzee mwenye nguvu za kutetemesha dunia, anayewaita mabaharia wake wanawe: Edward Newgate. “Teach” akampa mmoja wa wana hao, yule wa pai. Mwaka 2010, mwishoni mwa vita vya Marineford vya kumwokoa Ace, Teach na genge lake wanammiminia risasi mzee aliyekwisha kujeruhiwa vibaya. Mzee anakufa amesimama, na msomaji wa Kijapani hapo anamkumbuka Benkei, mtawa shujaa ambaye masimulizi yanasema alikufa wima akimlinda bwana wake mwaka 1189. Kisha Teach anaingia chini ya kitambaa cheusi pamoja na maiti, na anapotoka ana nguvu za tetemeko juu ya zile za giza alizokuwa nazo. Vipande viwili vya jina la Edward Teach sasa vimo katika mwili mmoja.

Nadharia hii naipenda kupita zote kwa sababu inashikika. Jina la kihistoria lipo, mgawanyo upo, tukio linalouunganisha lipo. Wengine wamekwenda mbele zaidi wakasema Teach tangu mwanzo ni zaidi ya nafsi moja. Wanaonyesha bendera yake yenye mafuvu matatu. Wanaonyesha kwamba kwa kanuni za hadithi, mtu hawezi kubeba nguvu za matunda mawili ya shetani, yale yanayompa mlaji nguvu za ajabu, akaishi, naye amebeba. Wanarudi Mock Town, pale Nami, mmoja wa mabaharia wa Luffy, anapouliza jamaa yule ni nani, na Luffy na mpiga panga wake Zoro wanajibu kwamba huyo si mtu mmoja, ni kundi. Sentensi ile inaweza kumaanisha tu kwamba Teach ana wenzake mahali fulani. Inaweza pia kuwa Oda aliuacha mlango wazi makusudi. Nadharia imesimama juu ya utata huo, na haijaanguka.

Sasa miiko. Katika kitabu chenye mamia ya wahusika, kila mtu atafanana na mtu. Nywele hazitoshi, makovu hayatoshi, wala kucheka kwa namna fulani. Mtunga nadharia mzuri hutafuta kufanana ambako ndani yake kuna jambo moja lililogeuzwa, na kugeuzwa huko kuwe na uzito katika hadithi. Mfano ni mji wa Loguetown, sura ya 99, mwaka 1999. Luffy amebanwa shingo juu ya jukwaa lilelile alipouawa Gol D. Roger, Mfalme wa Maharamia, miaka 22 kabla. Upanga unashuka. Kijana anatabasamu na kuwaaga wenzake kwa uchangamfu, kana kwamba anachelewa basi. Radi inapiga, jukwaa linaungua, kofia inaelea hadi chini, naye anaiokota akicheka kwamba kumbe yu hai. Anayeiona tofauti kabla yetu ni Smoker, ofisa wa jeshi la majini, aliyemwona Roger akitabasamu vilevile. Roger alitabasamu akafa. Huyu ametabasamu akapona. Mahali ni palepale, uso ni uleule, matokeo yamepinduka, na shahidi amewekwa ndani ya picha atuelekeze macho. Hapo Oda amechora nadharia yake mwenyewe na kuipa mdomo.

Wasioshika miiko hiyo nao wana raha yao, sikatai. Ipo nadharia maarufu kwamba Crocodile, haramia wa mchanga mwenye ndoano mkononi na sigara mdomoni, ndiye mama yake Luffy. Usicheke haraka. Gerezani Impel Down, Ivankov, ambaye nguvu zake zinaweza kumgeuza mwanamume kuwa mwanamke, anadokeza kwamba anaijua siri ya zamani ya Crocodile, na Crocodile anatulia ghafla. Dokezo hilo ni la kweli, lipo kwenye ukurasa. Kutoka hapo hadi umama kuna bahari nzima, na mashabiki wameivuka kwa mtumbwi wenye matobo. Siiamini hata kidogo. Lakini imewafanya watu wasome mazungumzo ya gerezani kwa umakini ambao yasingeupata vinginevyo.

Upande mwingine kuna Zoro, ambako subira ililipa. Mwaka 1994, kabla ya One Piece kuzaliwa, Oda alichapisha hadithi fupi iitwayo Monsters kuhusu mpiga panga Ryuma. Baadaye alimwingiza Ryuma ndani ya One Piece kama maiti inayotembea. Zoro anapambana nayo, anashinda, anaachiwa upanga wake. Wasomaji waliona jinsi wawili hao walivyofanana kwa sura na kwa mwenendo, wakaona pia kwamba kijiji alikokulia Zoro kinaitwa Shimotsuki, jina la ukoo wa Ryuma kule Wano, nchi ya samurai. Wakasema: huyu ana damu ya kule. Wakaambiwa wanatafuta mwiko kwenye kikapu cha nguo. Hadithi ya Wano ilipita, wazee wa huko wakamtazama Zoro na kusema anawakumbusha mtu, na hata hapo hakuna aliyesema wazi. Jibu kamili lilikuja mwaka 2023 kwenye ukurasa wa maswali wa juzuu ya 105: bibi yake Zoro alitoka katika ukoo ule. Oda hakutengeneza machozi wala muziki wowote kwa ajili ya jibu hilo. Aliliandika kama anayejibu swali la shule, na Zoro mwenyewe, ndani ya hadithi, hakuwa na habari.

Jambo hilo linanifurahisha zaidi ya ushindi wenyewe. Kuna ujuzi ambao mhusika hana, wenzake hawana, na msomaji anao kwa sababu tu alikaa na vitabu viwili wazi mbele yake.

Ulinganisho mkubwa kuliko wote bado umefungwa. Luffy ana ndoto iliyo nyuma ya ndoto yake ya ufalme. Mwaka 2008 Rayleigh, aliyekuwa msaidizi wa Roger, alieleza kwamba Shanks, mwenzao wa zamani chomboni, aliwahi kukutana na mtoto aliyesema maneno yaleyale ya kapteni wao. Mwaka 2010 tulimwona Luffy mdogo akiwaambia kaka zake, Ace na Sabo, ndoto hiyo. Mwaka 2020 tulimwona Roger akiisema mbele ya mabaharia wake. Mwaka 2022, sura ya 1060, Luffy mkubwa aliwaambia wenzake wote chomboni. Kila mara Oda ametunyima maneno. Anachotupa ni nyuso: wapo wanaoduwaa, wapo wanaocheka. Tunajua kwa hakika kwamba Luffy na Roger wanafanana, na hatujui katika nini. Simjui mchoraji mwingine aliyethubutu kuonyesha pande mbili za mlinganyo kwa miaka yote hiyo huku ameifunika alama ya katikati.

Kwa hiyo wewe unayesoma, na una dhana yako kuhusu ndoto hiyo, iandike leo kwenye karatasi, uweke tarehe na sura uliyofikia, kabla Oda hajaifungua. Baada ya hapo kila mtu atadai alijua.