Pikipiki ya Kubeba kwenye Gari-Nyumba: Hesabu Huanzia kwenye Ekseli

Mwaka 1981 Honda ilipotoa gari dogo la City huko Japani, ilitoa pamoja nalo kipikipiki cha kukaa kwenye buti. Kiliitwa Motocompo. Usukani ulikunjwa ukaingia ndani ya bodi, kiti kikashushwa, vikanyagio vikarudishwa ubavuni, na kilichobaki kikawa sanduku lenye urefu wa milimita 1,185, upana 240 na kimo 540. Injini ilikuwa ya cc 49 na uzito wake mkavu kilo 42. Wahandisi walihakikisha pia kwamba mafuta na oili havimwagiki kikilazwa ubavu. Buti ilipimwa kwanza, pikipiki ikafuata, na ndiyo maana kifaa hicho kilikwenda pale kilipotakiwa kwenda.

Miaka takribani 40 kabla ya hapo, Waingereza walifuata njia hiyohiyo wakiwa vitani. Pikipiki yao ya Welbike, yenye injini ya Villiers ya cc 98 na uzito wa kilo 32 hivi, iliundwa iingie ndani ya kasha la kudondoshwa kwa parachuti. Kasha ndilo lililoamua tairi ziwe ndogo kiasi gani na usukani ukunjweje.

Wenye magari-nyumba wa Ulaya wengi huenda kinyumenyume. Haja yao ni ya kweli: gari la mita saba ukishaliegesha kambini nje ya mji, hutaling'oa tena kwenda kununua mkate, na vichochoro vya miji mikongwe ya Italia havilipokei. Basi mtu anakwenda dukani, anaipenda skuta, anailipia, kisha anarudi nyumbani kutafuta pa kuipakia. Hapo ndipo anapokutana na namba ambazo zilikuwa zikimsubiri tangu mwanzo kwenye kibati cha gari lake.

Namba ya kwanza inajulikana. Leseni ya kawaida ya daraja B huko Ulaya inaishia kwenye gari la kilo 3,500, kwa hiyo magari-nyumba mengi yamesajiliwa kwa kikomo hicho. Chukua gari ambalo likiwa tayari kwa safari, pamoja na dereva na mafuta, lina kilo 3,050. Zinabaki 450. Toa abiria wa pili, maji, mitungi ya gesi, turubai la kivuli, betri ya ziada, nguo na vyombo, na kwa familia nyingi hazitabaki hata 150. Skuta ya kilo 100 inaonekana kama bado inaenea.

Namba ya pili ndiyo inayoumiza, nayo ni kikomo cha ekseli ya nyuma. Aliyewahi kubeba mzega anajua kwamba ndoo ya nyuma ikizidi, ncha ya mbele hunyanyuka. Pikipiki inayoning'inia nyuma ya gari iko nje ya ekseli zote mbili, hivyo inaikandamiza ya nyuma kwa zaidi ya uzito wake yenyewe, na ziada hiyo inaipokonya ekseli ya mbele.

Tufanye hesabu kwa Fiat Ducato, chesi ambayo imebeba sehemu kubwa ya magari-nyumba ya Ulaya. Toleo lake refu lina mita 4.035 kati ya ekseli na ekseli. Tuseme keria ya kilo 50 imefungwa nyuma, skuta ya kilo 100 iko juu yake, na kitovu cha mzigo huo wa kilo 150 kiko mita 2.5 nyuma ya ekseli. Zidisha 150 kwa 2.5, gawanya kwa 4.035, unapata 93. Hizo ndizo kilo zinazoondoka mbele. Zijumlishe na zile 150, na ekseli ya nyuma inabeba kilo 243 zaidi. Mzigo ni 150, lakini springi na tairi za nyuma zinahisi 243.

Kikomo cha ekseli ya nyuma kwenye chesi nyepesi ya Ducato mara nyingi ni kilo 2,000. Gari lenye kitanda kikubwa, tangi la maji na stoo huko nyuma linaweza kuwa limeshafika 1,800 kabla hujagusa pikipiki. Jumla ya gari inaweza kuwa chini ya 3,500, na bado ukawa umevunja sheria na, baya zaidi, umezipa tairi mzigo usio wao. Tairi iliyozidiwa huchemka, na inapasuka ukiwa katikati ya barabara kuu, jua kali, watoto wamelala nyuma. Kwa hiyo siku ya kupima, gari liende mizanini likiwa na kila kitu na kila mtu, na kila ekseli ipimwe peke yake. Asiyefanya hivyo anakisia, na ninawasihi wote wanaofikiria safari ya aina hii wasikisie hapa.

Zile kilo 93 zilizoondoka mbele nazo zina gharama yake. Ducato inavutwa na tairi za mbele. Tairi hizohizo ndizo zinazokata kona na kufanya kazi kubwa ya breki. Ukizipunguzia uzito, usukani unakuwa mwepesi mno, taa zinamulika juu machoni mwa wanaokuja, na kwenye nyasi zenye umande kambini tairi zinazunguka bure huku gari limekaa palepale. Wengi hulaumu tairi kumbe sababu iko nyuma kabisa, imefungwa kwa mikanda.

Kuna dawa inayouzwa sana kwa tatizo hili: mifuko ya hewa inayosaidia springi za nyuma. Inafanya kazi nzuri ya kuinua mkia uliolala na kupunguza mtikisiko. Lakini kwa yenyewe haiongezi kikomo kilichoandikwa kwenye kibati, na hairudishi hata kilo moja kwenye tairi za mbele. Gari linasimama sawa kwa macho, na mizani inasoma yaleyale.

Kinachosaidia kweli ni kuusogeza mzigo mbele. Magari-nyumba mengi yana stoo pana chini ya kitanda cha nyuma, ambayo wenyewe huiita gereji. Skuta ileile ya kilo 100 ikiwekwa humo, mita 1.5 nyuma ya ekseli badala ya 2.5, na bila keria, inaongeza kilo 137 nyuma na kuondoa 37 tu mbele. Tofauti na keria ni zaidi ya kilo 100 kwenye ekseli, kwa pikipiki ileile. Gereji nayo ina kikomo chake kilichoandikwa na mtengenezaji, na mlango wake una kimo chake. Pima mlango kabla ya kupima kitu kingine chochote.

Sasa ndipo mtu anaweza kwenda dukani. Honda Vision 110 ina kilo 100 ikiwa na mafuta, urefu wa milimita 1,925, haina gia za kubadilisha, na inabeba watu wawili bila taabu. Kwa wanandoa wenye gereji inayoipokea, sioni inayoizidi. Monkey 125 ina kilo 104, uzito ni karibu uleule, lakini urefu wake ni milimita 1,710, na pale ambapo upana wa gereji hautoshi hizo sentimita 20 zinaamua. Ina klachi na gia, na kiti chake ni cha mtu mmoja. PCX 125 imetulia zaidi barabarani kuliko zote mbili, ila ina kilo 130. Zile 30 za ziada, kwenye keria yetu ya mita 2.5, zinakuwa karibu 49 kwenye ekseli. Ningeiacha, isipokuwa kwa gari lenye chesi nzito.

Uzito una upande wa mikono pia. Keria inakaa nusu mita hivi kutoka ardhini, na njia ya kupandia ni reli nyembamba kama upana wa tairi. Anayesukuma anabaki chini huku pikipiki ikipanda, na kuna hatua katikati ambapo hawezi tena kuishika vizuri wala kuirudisha. Kwa watu wawili kilo 100 zinapandishika. Mtu akiwa peke yake, hata injini ikimsaidia, ni hatari. Ikishapanda, mikanda minne ishike kwenye chuma cha fremu na uma, ikivuta chini na pembeni hadi shokapu zibonyee kidogo. Skuta nyingi zimevikwa plastiki kila mahali, na mkanda uliofungwa kwenye plastiki au kwenye mkono wa usukani unalegea ndani ya kilomita chache. Kagua baada ya nusu saa ya kwanza. Italia na Uhispania zinadai pia kibao cha mistari myeupe na myekundu, sentimita 50 kwa 50, kwenye mzigo unaotokeza nyuma.

Limebaki suala la leseni, ambalo kwa msafiri wa kuvuka mipaka linaweza kubatilisha uchaguzi wote. Italia inamruhusu mwenye leseni ya gari kuendesha cc 125. Ujerumani tangu mwisho wa 2019 inamwongezea ruhusa hiyo baada ya mafunzo, akiwa ametimiza miaka 25 na ameshika leseni kwa miaka mitano. Ruhusa zote mbili zinaishia mpakani. Mjerumani anayevuka mpaka akiwa na Vision nyuma na hana daraja A1 la pikipiki anaweza kuwa amebeba kilo 100 asizoruhusiwa kuziendesha akifika. Kwake inafaa skuta ya cc 50, ambayo kwa kawaida leseni ya gari inaitosha katika nchi za Umoja wa Ulaya. Imefungiwa kilomita 45 kwa saa, na kwa umbali wa kutoka kambini hadi sokoni mwendo huo unatosha.