Chungu cha Mhunzi: Kukipima Kabla ya Moto

Wageni wanaoteremka kutoka Karatu kwenda Mang'ola kuwatazama wahunzi wa Kidatoga huvutwa na mivukuto, na si ajabu. Mifuko miwili ya ngozi ya mbuzi inabonyezwa kwa zamu, mkaa unageuka mwekundu kisha manjano, na kila mtu anatoa simu. Baadaye macho yanahamia kwenye kikuku kinachogongwa. Kile chombo kidogo kilichozama katikati ya makaa, chenye vipande vya kufuli bovu na koki ya bomba iliyochakaa, hakina wa kukitazama. Nami nasema hicho ndicho cha kutazamwa kwanza. Mvukuto ukitoboka hutiwa kiraka, nyundo ikilegea hutiwa kabari. Chungu kikipasuka, shaba imemwagika motoni, na siku ikiwa mbaya imemwagika mguuni.

Anayetaka chungu cha kudumu, awe anayeyusha shaba ya vikuku kama pale Mang'ola au risasi ya chubwi za nyavu na timazi za waashi, aanze na swali moja: ndani yake kitayeyuka nini? Chungu hakina sifa ya ubora peke yake. Kilicho bora kwa shaba kinaweza kuwa kibovu kwa risasi, na kinyume chake.

Joto lenyewe linaeleza sababu. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, zinki 420, alumini 660. Shaba ya manjano, ile ya koki na makufuli, hutaka nyuzi 900 na kidogo zaidi kutegemea ilivyochanganywa. Shaba nyekundu ya nyaya za umeme hutaka 1,085. Chuma hakiyeyuki mpaka kifike nyuzi 1,538 kikiwa safi, na ndiyo maana vichwa vya mishale ambavyo wahunzi wa ukoo wa Gidang'odiga huwatengenezea Wahadzabe, mara nyingi kwa kubadilishana na asali au nyama, havimiminwi. Msumari hupashwa moto ukaiva, ukafuliwa kwa nyundo. Kwa hiyo ukiona chungu motoni Mang'ola, jua pale ni kazi ya shaba au alumini, yaani vikuku na pete.

Kwa shaba, chungu cha udongo bado kina heshima yake. Tatizo ni kwamba mtu huchukua udongo wowote uliofinyangiwa chungu cha mboga akadhani utafaa. Chungu cha kupikia kimezoea kuni. Kikipelekwa kwenye mkaa unaopulizwa, ngozi yake ya nje huanza kung'aa kama kioo, kisha mwili unavimba, unalainika na kupinda koleo linapokishika. Udongo wa kichuguu huvumilia zaidi. Wahaya wa Kagera waliutumia katika tanuri zao za kuyeyushia chuma, zile ambazo Peter Schmidt na Donald Avery walizichunguza na kuchapisha matokeo yao mwaka 1978, wakaushangaza ulimwengu kwa ukale na ustadi wa kazi ile.

Hata udongo mzuri hautoshi ukiwa peke yake. Lazima uchanganywe na kitu cha kuuzuia ufa usisafiri, kama mchanga mkali, vigae vya chungu cha zamani vilivyotwangwa, au pumba za mpunga. Pumba zinaungua na kuacha vitundu vidogo pamoja na jivu gumu, na ufa ukifika penye kitundu hupoteza nguvu. Wahunzi wa India ya kusini waliotengeneza chuma cha pua ndani ya vyungu vilivyozibwa walitegemea mchanganyiko wa namna hiyo. Sisi tuna Mto wa Mbu hapo chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, na pumba zake zimelala kwenye mashine za kukoboa zikisubiri upepo.

Kwa nje udongo uliochanganywa vizuri hautofautiani na mwingine, kwa hiyo usinunue chungu kabla hujaona kigae. Mwombe mfinyanzi kipande cha chungu chake kingine kilichovunjika. Geuza pale palipovunjika uelekee jua. Chembe ziwe zimesambaa sawasawa, zenye ukubwa wa punje za mchanga, zisiwe zimekusanyika upande mmoja. Rangi iwe moja toka nje mpaka ndani. Ukiona mstari mweusi katikati, udongo haukuiva, na kitakachoumalizia kuiva ni moto wako wewe, shaba ikiwa ndani. Kisha pitisha kidole gumba ndani ya chungu chenyewe, pale ukuta unapokutana na kitako. Pawe na mviringo. Kona kali ndipo nyufa zinapozaliwa, na kitako kinapaswa kuwa kinene kuliko ukuta, ila kwa kupanda taratibu, si kwa ngazi. Mwisho kining'inize kwenye kidole na ukigonge kwa ukucha. Kizima kinalia, chenye ufa kinajibu kwa sauti fupi iliyokufa, hata kama jicho halioni kitu.

Baada ya hapo ni malezi. Kikaushwe kivulini kwa majuma, kipashwe pembeni mwa moto kikiwa kimefunikwa kifudifudi, ndipo kiingie kati. Wala usiache shaba igandie ndani. Siku ya pili donge lile likipashwa litatanuka kabla halijayeyuka, na udongo haujui kutanuka nalo. Vyungu vingi vizuri vimekufa kwa mabaki ya jana.

Vyungu vyeusi vya grafiti, vile wanavyotumia wanunuzi wa dhahabu huko Geita, nitavipitia haraka kwa kuwa huku kwetu havipatikani kirahisi. Nchi yetu ina grafiti, Mererani kwenye tanzanaiti na Mahenge pia, lakini chungu kilichokwisha kutengenezwa kwa kawaida hutoka nje. Ukikipata, kitunze pakavu, maana unyevu ukijificha ndani yake hukipasua mara ya kwanza motoni. Koleo likishike chini ya tumbo, lisikiume mdomo.

Risasi ni habari nyingine kabisa. Moto wake mdogo humfanya mtu aone chombo chochote kinatosha, ndipo unakuta sufuria ya alumini imewekwa juu ya makaa. Risasi itayeyuka humo, kweli. Lakini mkaa ukipulizwa unavuka nyuzi 660 upesi sana, na kabla ya hapo alumini imekwisha kulegea. Lita moja ya risasi ina uzito wa zaidi ya kilo 11. Uzito huo juu ya kitako kilicholegea ni ajali inayosubiri mtu anyanyue mpini.

Risasi hutaka chungu cha chuma. Risasi iliyoyeyuka haikili chuma, tofauti na zinki na alumini ambazo hukitafuna kidogo kidogo. Kuna vya chuma cha kumimina, vizito, vinavyotunza joto vizuri, ila vinaogopa mshtuko: kikidondoka sakafuni au kikimwagiwa maji kikiwa cha moto, kinapasuka. Kwa fundi wa Karatu mimi napendelea chungu cha kuchomelea, kipande cha bomba nene chenye kitako cha bamba, unene usiopungua milimita 5. Kiwe chembamba na kirefu kiasi kuliko kuwa kipana, kwa sababu uso mpana wa risasi hushika hewa na kugeuka takataka za kijivu zinazoelea juu. Bomba lisiwe la maji lililopakwa zinki. Zinki motoni hutoa moshi mweupe, na anayeuvuta hulala usiku na homa na kutetemeka kama mwenye malaria.

Mwili wa chungu cha namna hii ni bomba, lakini uhai wake ni weldingi. Kwa macho, weldingi zote zilizopigwa brashi ya waya zinapendeza. Ziko mbinu za kuilazimisha iseme kweli, na ninayoiamini ni ya chaki na mafuta ya taa. Paka chaki iliyolowa nje kuzunguka kitako chote, iache ikauke iwe nyeupe kabisa. Kisha mimina ndani mafuta ya taa kufikia juu ya weldingi, ukiwa mbali na moto na sigara, uondoke ukafanye shughuli nyingine. Maji ni mazito ya kupenya. Mafuta ya taa hupita kwenye tundu lisiloingia hata sindano. Ukirudi, chaki ikiwa bado nyeupe, mlipe fundi wako na umshukuru. Ukiona doa lenye unyevu, hata la ukubwa wa punje ya ulezi, kirudishe. Asikushawishi kwamba risasi ni nzito na haiwezi kupita hapo. Kilichofaulu kifute, kiache juani siku nzima, kisha kipashwe kitupu, nje, mpaka harufu yote iishe. Wala kisiingizwe risasi ikiwa na tone la maji, kwa sababu maji chini ya risasi ya moto hugeuka mvuke kwa kishindo na kuirusha risasi usoni.

Mpini nao upimwe kwa uzito halisi. Jaza chungu changarawe na vipande vya chuma mpaka kikaribie uzito kitakaobeba, kiinue, kiinamishe kama unamimina. Mpini ukicheza sasa, utacheza zaidi ukiwa wa moto. Mdomo uwe na mfereji mdogo uliokunjwa vizuri, utakaotoa mkondo mwembamba usiorudi nyuma kwenye ukuta.

Gereji za magari ya watalii pale mjini humwaga vipande vya kubalansi magurudumu, na wayeyushaji huviokota. Vingi ni risasi, vingine siku hizi ni zinki au chuma. Tia moto wa wastani. Risasi itakaa chini, zinki itaelea ikiwa bado ngumu, iondoe kwa kijiko kabla moto haujafika nyuzi 420. Ukiiacha ichanganyike, risasi inakuwa nzito kumiminika kwenye kalibu na chungu kinaanza kuliwa.

Lililobaki halina mjadala. Chungu kilichowahi kubeba risasi hakirudi jikoni kamwe, wala hakitumiki kwa shaba ya vikuku vitakavyovaliwa. Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilichoanza 2007 kiliwaachia watoto sumu ya risasi damuni. Kilifungwa 2014 baada ya mapambano yaliyoongozwa na Phyllis Omido, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakazi wafidiwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kilikuwa kiwanda, lakini vumbi ni lile lile. Wanaosaidia kupuliza mivukuto mara nyingi ni vijana wadogo wa boma. Siku ya risasi waondoke, mtu mzima apulize mwenyewe, mahali pa wazi, upepo ukimtoka mgongoni, na anawe mikono kabla ya kugusa chakula. Betri za gari asizipasue hata kidogo.

Mwisho wa kazi, kwenye chungu hiki cha chuma unaruhusiwa kile nilichokataza kwenye cha udongo: acha risasi kidogo igandie kitakoni. Chuma kinavumilia kutanuka kwake, na kitako kilichofunikwa hakipati kutu masika. Siku ya kupasha tena, anza na moto wa pembeni, ili risasi ya ukutani iyeyuke kwanza na ile ya chini ipate njia ya kupanda.