Kuchapisha si kupiga chapa

Ukipita kandokando ya Kibera Drive, au ukishuka steji ya Kawangware 46, utakutana na vibanda vyenye kompyuta moja, printa na mashine ya kutoa nakala. Mabango husema: "Tunachapisha barua, kadi, vitabu." Ndugu msomaji, nina ugomvi na kitenzi hicho.

Kupiga chapa ni kutia maandishi au picha kwenye karatasi kwa wino. Ni kazi ya mtambo, na anayeusimamia ni mpigachapa. Kuchapisha ni zaidi ya hapo: kuupokea mswada, kuuhariri, kugharimia upigaji chapa wake, kuutoa kwa umma na kuwajibikia yaliyomo. Tazama kiambishi -ish- cha kauli ya kutendesha. Mchapishaji ndiye anayesababisha kitu kipigwe chapa; si lazima mkono wake uguse wino. Tanzania wanaye Mpigachapa Mkuu wa Serikali, na hakuna anayemwita mchapishaji. Hata sheria yetu ya Vitabu na Magazeti, Sura ya 111, humtaja mpigachapa kando na mchapishaji.

Kuna watakaonijibu kwamba matumizi yamekwisha kukipa 'kuchapisha' maana zote mbili. Ni kweli, na hapo ndipo panapouma. Kijana wa mtaani huandika mashairi yake, akachangisha pesa, akapewa nakala 50 zilizobanwa kwa stepla na kuambiwa, "Kitabu chako kimechapishwa." Nimeletewa vijitabu vya aina hiyo mara nyingi. Hakuna mhariri aliyevisoma. Havina nambari ya ISBN, ambayo nchini hutolewa na Huduma ya Maktaba za Kitaifa, KNLS. Mwandishi anapokwenda navyo dukani na kukataliwa, hudhani mashairi yake ndiyo mabovu. Kumbe alichonunua ni wino na karatasi tu.

Simaanishi kwamba lugha ya vibandani yote ni ovyo. "Nitolee kopi mbili" ni Kiswahili kitamu. Kitenzi 'kutoa' kimetulia mahali pake, na 'nakala' ingekaa hapo bila kusukumana na mtu. Kinachonikera ni "unibaindie." Tuna kujalidi, kitenzi kilicho jamaa ya jalada, nacho chafaa kazi ya uzi au gundi inayoshikilia kurasa ndani ya jalada. Tasnifu ya chuo kikuu hujalidiwa. Karatasi zilizotobolewa na kupitishwa spairo ya plastiki, mimi nasema zimebanwa. (Polisi nao wana jalada lao, la kesi, ambalo mara nyingine halionekani tena.)

Halafu kuna peji. Kibanda kimoja cha Kawangware niliambiwa, "Mzee, ni mbao kila peji." Nilikuwa na karatasi 10 zilizotiwa maandishi pande zote mbili, basi nikatoa shilingi 400. Mteja aliyenitangulia alikuwa angali anabishana kwamba karatasi moja ni peji moja. Karatasi ina pande mbili, na kila upande ni ukurasa. Kijana wa printa alikuwa sahihi, ingawa bango lake lilisema anachapisha.