Injili na Dini ya Jadi ya Waigbo katika Riwaya Tatu za Chinua Achebe

Riwaya za Chinua Achebe (1930–2013) husomwa kwa namna mbili. Wako wanaozisoma kama hati ya mashtaka: wamisionari walikuja na Biblia, wakaivunja nyumba iliyokuwa imesimama vema. Wako pia Wakristo ambao, kwa kuyaogopa mashtaka hayo, huhesabu maovu ya jadi yaliyokomeshwa na kufunga kitabu. Katika makala hii tunakusudia kuonyesha ya kuwa masomo yote mawili humkosea mwandishi, na kwamba swali analoliuliza Kanisa ni zito kuliko yote mawili.

Yafaa tukumbuke kwanza mwandishi alikotoka. Baba yake, Isaiah Okafo Achebe, alikuwa katekista wa misheni ya Kianglikana, na mtoto alilelewa Ogidi, mahali ambapo Wakristo na watu wa dini ya mababu waliishi jirani. Misheni hiyo ilianza kazi Onitsha mwaka 1857 chini ya uongozi wa Samuel Ajayi Crowther, Myoruba, pamoja na John Christopher Taylor, aliyezaliwa Sierra Leone kwa wazazi Waigbo. Basi tangu mwanzo mhubiri katika nchi ya Waigbo hakuwa mzungu peke yake. Ugomvi wa dini mbili ulikuwa pia ugomvi wa ndugu, na hivyo ndivyo Achebe anavyouandika.

Tuanze na Things Fall Apart ya mwaka 1958, ambayo wengi wetu tuliisoma kwa Kiswahili kwa jina la Shujaa Okonkwo. Kabla mmisionari hajakanyaga Umuofia, ufa umekwisha kuonekana ukutani. Kijana Ikemefuna, aliyekaa miaka mitatu katika nyumba ya Okonkwo na kumwita baba, anauawa kwa agizo la mzimu, na Okonkwo, ingawa ameonywa na mzee asiunyoshe mkono wake, anampiga panga asije akaonekana mwoga. Nwoye, mwana wa Okonkwo, hana neno la kusema. Ila kitu fulani kinakatika ndani yake. Aliwahi pia kusikia vilio vya mapacha waliotupwa msituni. Wahubiri wanapofika, si fundisho la Utatu linalomvuta, maana hilo halielewi. Wimbo wao unaugusa ule uchungu ambao dini ya baba yake haikuwa na jibu lake.

Pamoja na Nwoye wanakuja wengine. Anakuja Nneka, mjamzito, ambaye mara nne amejifungua mapacha na mara nne wametupwa. Wanakuja osu, watu waliowekwa wakfu kwa miungu, wao na uzao wao, wasioruhusiwa kuoana na watu huru wala kuketi pamoja nao. Waongofu wa kwanza wanalalamika. Lakini mwalimu Kiaga, ambaye naye ni Mwigbo, anakataa kuwafukuza. Hapa hakuna bunduki wala mahakama. Kuna mlango uliofunguliwa kwa mtu ambaye hakuna aliyemfungulia. Msomaji anayesema kwamba kitabu hiki kinaonyesha uharibifu tu, ameziruka kurasa hizi.

Lakini msomaji wa kundi la pili naye asishangilie mapema. Achebe anatuonyesha wachungaji wawili. Bwana Brown anaketi na mzee Akunna na kuzungumza naye juu ya Chukwu, Mungu mkuu. Hakuna anayemshinda mwenzake, ila kila mmoja anajifunza imani ya mwenzake. Mrithi wake, Mchungaji Smith, anaiona dunia kuwa nyeusi na nyeupe tu, na chini yake Enoki anapata nguvu. Huyu Enoki, mwana wa kuhani wa nyoka, anamvua mmoja wa mizimu ya mababu kinyago chake hadharani. Kanisa linachomwa, mkuu wa wilaya anawafunga wazee kwa hila, na mwisho wa njia hiyo ni mti ambao Okonkwo amejinyonga.

Sisi Walutheri tungepaswa kuutambua upesi mkono wa Enoki. Mwanzoni mwa mwaka 1522 watu wa Wittenberg walianza kuvunja sanamu makanisani. Luther alirudi kutoka Wartburg mwezi Machi, akahubiri siku nane mfululizo. Hakuzitetea sanamu; alifundisha kwamba Neno lazima liufikie moyo kwanza, na kwamba kitu kilichoondolewa kwa nguvu mkononi hakijaondoka moyoni. Enoki hakuwa na bidii kupita kiasi tu. Alikuwa na theolojia mbaya. Aligeuza Injili kuwa sheria mpya, na sheria hiyo ikahitaji askari wa kuilinda.

Katika Arrow of God ya mwaka 1964 jambo hili linatazamwa kutoka upande wa madhabahu ya jadi. Ezeulu ni kuhani mkuu wa Ulu, mungu ambaye vijiji sita vya Umuaro vilimfanya ili kujilinda na wavamizi. Serikali inamweka kizuizini Okperi kwa sababu amekataa kuwa chifu wake. Anaporudi, viazi vikuu vitakatifu, ambavyo angepaswa kula kimoja kila mwezi unapoandama, vimebaki. Naye anakataa kutangaza sikukuu ya viazi vipya. Mavuno yanaoza ardhini, njaa inaingia. Je, ni Ulu anayenena, au ni kinyongo cha mtu aliyeachwa na watu wake? Ezeulu mwenyewe hawezi tena kuvitenganisha viwili hivyo. Kila mtumishi wa madhabahu, wa dini yoyote, na ausome ukurasa huo kwa kutetemeka.

Ndipo katekista Goodcountry anapotangaza kwamba atakayeleta kiazi chake kanisani atavuna bila kumwogopa Ulu. Watu wanakuja. Je, huu ni ushindi wa Injili? Tunasita kusema hivyo. Nneka alikuja kwa sababu alikubaliwa. Watu wa Umuaro wanakuja kwa sababu wana njaa na Kanisa limeweka bei nafuu. Lishe ni neema, wala hatudharau mkate. Lakini Kanisa linalokua kwa kuanguka kwa jirani lijiulize limerithi nini: watu, au hofu yao tu.

Jibu la Achebe lilikwisha kutolewa katika No Longer at Ease ya mwaka 1960. Hapo tunamkuta tena Nwoye, mzee sasa, katekista mstaafu aitwaye Isaac. Mwanawe Obi anataka kumwoa Clara. Clara ni osu. Isaac, aliyeingia katika Kanisa lililowafungulia osu mlango, anakataa. Analifananisha jambo hilo na ukoma. Serikali ya Nigeria ya Mashariki ilikwisha kupiga marufuku utengano wa osu kwa sheria mwaka 1956, lakini hata leo neno hilo huvunja uchumba katika nyumba za Wakristo.

Tunaamini kwamba hiki ndicho kiini cha riwaya hizi tatu zikisomwa pamoja. Mgongano mkubwa hautokei kati ya kanisa na kilinge. Unatokea sebuleni kwa mtu aliyebatizwa, miaka mingi baada ya wamisionari kuzikwa.

Hata hivyo tuna neno la kumdai mwandishi. Nneka anaingia kanisani, na baada ya hapo hatumwoni tena. Hatujui kama mtoto wake alizaliwa mzima, wala alisali nini usiku ule. Achebe anajua vizuri kwa nini watu waliingia, na hatari walizoleta waliokwisha kuingia. Furaha ya kuwamo hakuiandika sana. Waliopata faida kubwa kuliko wote katika hadithi hii ndio waliopewa maneno machache kuliko wote. Hilo ni pengo, na ni kazi inayowasubiri waandishi Wakristo.

Sisi tulio wachungaji tumeketi na wazazi wa namna ya Isaac. Wanakuja ofisini na kadi za usharika zilizolipwa, wazee wa kanisa miongoni mwao, wakitaka ndoa izuiwe kwa sababu ya ukoo wa binti. Hawataji Ulu wala mizimu. Wanasema tu kwamba haifai. Mwanafunzi wa theolojia anayezisoma riwaya hizi asiharakishe kuuliza kama wamisionari walikosea. Aulize atamjibu nini mzazi huyo, na binti akiwa ameketi pale nje kwenye benchi akisubiri.