Nyuzi 60 kwa Nusu Saa: Jinsi Udongo wa Kitalu Ulivyotibiwa

Kinyausi hakimpi mkulima nafasi ya pili. Mche wa nyanya uliosimama jioni hukutwa umelala asubuhi, majani bado ya kijani, lakini shina pale linapotoka ardhini limesinyaa na kuwa jembamba kama uzi. Hakuna dawa ya kuuinua mche huo. Kinga huwekwa kabla mbegu haijagusa udongo, na hapo ndipo kazi iliyofanywa California katikati ya karne iliyopita inapostahili kusomwa upya na kila mwenye kitalu.

Vimelea wakuu wa ugonjwa huu ni wawili, na tabia zao hazifanani. Pythium hupenda maji: vijimbegu vyake vina mikia na huogelea katika udongo uliolowa hadi kwenye mizizi. Rhizoctonia haihitaji udongo uliotota. Nyuzi zake hutambaa kutoka mche hadi mche hata kwenye unyevu wa kawaida, hasa kukiwa na joto. Tena dawa yenye metalaksili, inayoikomesha Pythium vizuri, haiisumbui Rhizoctonia, na mkulima hubaki akilaumu duka la pembejeo. Joto haliwabagui.

Mwaka 1957 Chuo Kikuu cha California kilichapisha mwongozo uliohaririwa na Kenneth Baker, mtaalamu wa magonjwa ya mimea. Wazalishaji wa miche walielekezwa kuacha udongo wa kuokoteza na kutumia mchanganyiko wa mchanga laini na piti, ile mboji nyepesi inayochimbwa kwenye vinamasi vya nchi za baridi, kisha kuupitishia mvuke hadi nyuzi joto 82 kwa dakika 30. Kiwango hicho kiliua vimelea pamoja na mbegu nyingi za magugu. Vitalu vilivyofuata utaratibu huo kikamilifu vilipata miche safi.

Ila udongo uliopikwa sana una hatari zake. Amonia hujikusanya kwa sababu bakteria wanaoibadilisha kuwa naitreti wamekufa, na katika baadhi ya udongo manganizi huyeyuka kupita kiasi na kuunguza mizizi. Kubwa zaidi ni kwamba udongo unabaki mtupu. Punje moja ya udongo mchafu ikidondokea humo, Pythium hukuta chakula tele bila mshindani na huenea kuliko ambavyo ingeenea kwenye udongo ambao haukutibiwa kabisa. Naona hapa ndipo vitalu vingi vinapoangukia: mwenye kitalu anatibu, anafurahi, kisha anapoteza miche mingi kuliko jirani ambaye hakufanya lolote.

Baker alilifuatilia tatizo hilo. Rhizoctonia hufa kwenye nyuzi 52 hivi ikikaa humo nusu saa, na fangasi wengi waletao magonjwa hufa kwenye 60. Bakteria wengi wenye manufaa, hasa wale wenye vijimbegu sugu, hupona kwenye 60 na kubaki walinzi wa udongo. Shida ilikuwa mvuke wenyewe, kwa kuwa mvuke mtupu hufika ukiwa na nyuzi 100. Ufumbuzi ulikuwa kuuchanganya na hewa inayosukumwa kwa feni. Kadiri hewa inavyozidi, ndivyo joto la mchanganyiko linavyoshuka, hadi likatulia kwenye 60 katika lundo zima. Kwangu mimi, ufundi huu wa kupunguza una thamani kuliko ule wa kupika.

Kwetu wengi bado huchoma majani makavu juu ya tuta la kitalu. Moto huo huunguza sentimita chache za juu na kuacha vimelea salama chini, huku majivu yakiongeza chumvi inayodhoofisha miche. Pipa la lita 200 lenye maji chini na wavu katikati ni bora, mradi udongo uwe umeloweshwa siku moja kabla, kwani vimelea vilivyoamka na kunyonya maji hufa upesi kuliko vilivyolala. Bila feni huwezi kushika 60 barabara. Chomeka kipimajoto katikati ya udongo, sehemu ya mwisho kupata moto, na sehemu hiyo ikifika 70 zima moto, acha nusu saa. Wapo wanaofukia kiazi na kungoja kiive; kikiiva, udongo umeshapita kiwango.

Pasipo kuni kuna jua. Jaakov Katan na wenzake nchini Israeli walichapisha mwaka 1976 njia ya kufunika udongo uliomwagiliwa kwa nailoni angavu kwa wiki kadhaa za joto kali. Nailoni nyeusi haifai sana, maana hunasa joto juu yake yenyewe badala ya kupitisha miale hadi ardhini. Tanga mwezi Januari na Februari njia hii ina nguvu. Lushoto mwezi Julai sitamshauri mtu aitegemee.

Udongo ukishapoa, umwage juu ya turubai lililooshwa na ujaze trei zilizosuguliwa. Mdomo wa mpira wa maji utundikwe, usilazwe chini, kwa sababu tope lililonata hapo hurudi moja kwa moja kwenye miche. Panda kwa mistari yenye nafasi, mwagilia asubuhi, na uache uso wa udongo ukauke kidogo kati ya umwagiliaji mmoja na mwingine hadi shina likomae.