Chupa Ilifunguliwa Kabla ya Tochi

Ile video ya Corolla 110 inayozunguka kwenye magrupu nimeirudia tena na tena, na kila fundi anapofungua kifuniko cha oili na kumimina chupa nzima ya dawa ya kuzuia uvujaji, naisimamisha. Kazi iliharibikia hapo. Mengine aliyoyafanya yana maelezo. Hilo halina, na wanaojibu kwamba "mbona limeacha kudondosha" naomba wanisikilize kwanza.

Irudisheni nyuma kidogo. Gari liko juu ya jeki (bila stendi, jambo ambalo nitaendelea kulipigia kelele mpaka liishe), kamera iko chini, na oili imetapakaa pale injini inapokutana na gia boksi. Fundi anapitisha kidole, ananusa, anatamka: sili ya nyuma ya krenki. Uchunguzi umeishia hapo. Hakuna aliyeosha injini wala aliyemulika tochi juu. Lakini anapoinuka kamera inapanda naye, na kwa sekunde chache tunaona alichopaswa kukiona yeye: ubavuni mwa silinda hedi, upande wa gia boksi, kuna mstari mweusi unaong'aa, umeanzia chini ya distributa na kuteremka mpaka kwenye ungio. Mstari umelowa, na vumbi la pande zote mbili ni kavu.

Anayeijua 5A-FE, injini ya Corolla hiyo, hahitaji kuambiwa zaidi. Kwenye injini hiyo ya lita 1.5 distributa imefungwa kwenye silinda hedi, mwishoni mwa kemshafti, juu kabisa ya gia boksi, na kinachozuia oili isitoke pale ni oringi moja. Miaka ya joto huikausha ikawa ngumu na bapa, oili ikapata upenyo, ikateremka nyuma ya injini na kudondokea palepale ambapo sili ya krenki ingedondoshea. Ukitazama chini tu, huwezi kuzitofautisha. Tapeti kava nayo ikichoka kwenye kona ya nyuma huleta picha hiyohiyo. Ndiyo maana uvujaji hutafutwa kuanzia juu: osha, kausha, washa injini mpaka ishike joto, kisha fuata unyevu wa kwanza kabisa. Pakigoma kuonekana, nyunyiza poda ya mtoto. Oili itajichora yenyewe.

Sisemi dawa hizi hazifanyi kazi. Nyingi zina kemikali zinazoingia ndani ya mpira uliokauka, zikaulainisha na kuuvimbisha kiasi, ukarudi kukumbatia shafti. Oili za magari yaliyotembea sana, kama MaxLife ambayo Valvoline iliitoa mwaka 2000, hutumia njia hiyohiyo kwa kipimo cha upole. Sili ya nyuma ya krenki inayotoa jasho tu, kwenye gari ambalo gharama ya kushusha gia boksi inakaribia thamani yake, ni mgonjwa halali wa chupa ile. Sili za valvu zinazotoa moshi wa bluu asubuhi pia huweza kupata nafuu. Lakini mpira uliochanika haushonwi na kimiminika chochote. Gasketi ya karatasi au koki haimo katika hesabu hii, wala silikoni iliyobanduka, wala ile kamba iliyotumika kama sili ya krenki kwenye injini nyingi za zamani. Na oringi iliyokwisha kuwa bapa haiwezi kutegemewa kurudia umbo lake la mwanzo.

Halafu kuna stiki. Muda mfupi kabla ya kumimina, anaichomoa na kuionyesha kwenye kamera, na oili iko kwenye alama ya juu kabisa. Juu ya hapo akaongeza chupa nzima! Injini hii huchukua oili ya lita 3 na kitu, hivyo theluthi ya lita ya ziada si jambo dogo. Oili ikizidi sana, krenki huanza kuichapa, inatoa povu, na pampu inavuta hewa badala ya oili. Alipaswa kupunguza kwanza kiasi kilekile alichotaka kuongeza. Maelekezo ya aina hii huandikwa kwenye chupa zenyewe, na ile aliishika mkononi.

Breza hakuigusa kabisa, na hili linaniuma zaidi kwa sababu halina gharama. Valvu yake huchomolewa kwa mkono kwenye tapeti kava; itikise, na isipogonga ndani imeziba. Ikiziba, pumzi ya injini hukosa njia, presha inajaa ndani na kusukuma oili nje kwenye kila sili, mpya kwa kuukuu. Ukiweka dawa au hata sili mpya bila kuizibua, umeahirisha tatizo.

Filta aliibadilisha vizuri na kuikaza kwa mkono.

Joginder Singh aliposhinda mbio za magari za Safari mwaka 1965 na ndugu yake Jaswant, walikuwa ndani ya Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, na waliitengeneza wenyewe. Alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva, akashinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Gari kuukuu halikumtisha kwa sababu alijua kilichomo ndani yake. Mafundi wetu wa Land Rover na Peugeot 504 walikuwa na moyo huo: kazi ilianza kwa brashi na mafuta ya taa, injini ikang'aa, ndipo mtu akafungua mdomo kutaja ugonjwa. Leo spana inakuja mwisho, baada ya chupa na baada ya silikoni. Na silikoni nimeshaiandikia sana: ile inayominywa kwa wingi hujikunja ndani, ikakatika vipande, vikaenda kuziba chujio la sampo, na mwenye gari akaja kulia injini inagonga.

Mwenye Corolla ile bado ana nafasi. Apunguze oili mpaka stiki isome sawasawa, na aizibue breza. Apige alama ya rangi kwenye distributa na silinda hedi ili taiming isihame, kisha alegeze bolti zake, aichomoe na kuweka oringi mpya ya vipimo vilevile, iliyopakwa oili kidogo. Ni kazi ya asubuhi moja. Aoshe ubavu ule wa injini, atembee wiki nzima, kisha amulike tena kuanzia juu. Kama baada ya hapo kuna tone bado linatoka kwenye ungio wa gia boksi huku juu pakiwa pakavu, basi ni sili ya krenki, na hapo nitakuwa wa kwanza kumwambia aijaribu chupa kabla ya kushusha gia boksi.